Mchumba Asiyeonekana: Wazee na Utapeli wa Mapenzi Mtandaoni

Utapeli wa mapenzi mtandaoni ni wizi unaofanywa kwa kujenga uchumba wa uongo. Tapeli hujitambulisha kwa jina, picha na historia ya maisha isiyo yake, humzoea mlengwa wake kwa wiki au miezi kadhaa, humwaminisha kwamba wataoana, kisha huanza kuomba fedha. Hakuna mlango unaovunjwa wala nywila inayoibwa. Mwenye fedha huzituma mwenyewe, tena kwa haraka, akidhani anamwokoa ampendaye. Kwa sababu hiyo benki huona muamala halali, na polisi huona mtu mzima aliyeamua kutoa mali yake.

Takwimu nyingi za kuaminika zinatoka Marekani, ambako malalamiko ya aina hii hukusanywa kwa utaratibu wa muda mrefu. Mwaka 2022 Tume ya Biashara ya nchi hiyo, FTC, ilipokea karibu taarifa 70,000 za utapeli wa mapenzi, na hasara iliyotajwa ilifika dola bilioni 1.3. Ukubwa wa pigo hupanda na umri. Katika taarifa za mwaka 2021, hasara ya kati kwa wenye miaka 18 hadi 29 ilikuwa dola 750. Kwa wenye miaka 70 na kuendelea ilikuwa dola 9,000. Kituo cha FBI kinachopokea malalamiko ya uhalifu wa mtandaoni nacho kilihesabu hasara ya karibu dola milioni 357 kwa watu wenye miaka 60 na zaidi katika mwaka 2023 pekee. Hizo ni hesabu za waliothubutu kusema. Mjane wa miaka 70 aliyemtumia fedha mwanamume ambaye hajapata kumtia machoni huwaogopa wanawe kuliko anavyowaogopa polisi.

Sababu ya kwanza ya matapeli kuwaandama wazee ni mali. Kijana anayeanza kazi ana mshahara wa mwezi na labda deni. Mstaafu ana mafao ya mkupuo, nyumba isiyodaiwa, akiba ya miaka 30, pengine shamba au mifugo inayoweza kuuzwa. Sababu ya pili ni upweke. Mwenzi amefariki, watoto wako mjini au ughaibuni, marafiki wa rika wanapungua kila mwaka, na simu imekuwa ndiyo baraza. Ukurasa wa Facebook humweleza tapeli mengi kabla hajaandika neno: picha ya kumbukumbu ya marehemu mume, jina la kanisa au kikundi cha kina mama, wajukuu, safari ya hija, hata jina la mtaa. Anapojitokeza akiwa naye ni mjane, mcha Mungu, baba wa binti mmoja, anakuwa amekwisha kuyasoma majibu ya mtihani.

Ipo pia sababu isiyotajwa sana. Wengi wa walio na miaka 65 leo walikulia katika zama za barua. Walichumbiana kwa kuandikiana, wakakaa miezi bila kuonana, na ndoa zikadumu. Kwao, mtu aliye mbali anayeandika vizuri si jambo la ajabu hata kidogo. Ni namna ya mapenzi wanayoifahamu. Kijana anayeshangaa jinsi mama yake alivyompenda mtu wa kwenye skrini anasahau kwamba huenda mama huyo alimpenda baba yake kwa njia ya posta.

Ujinga si sababu. Januari 2012 mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha North Carolina, mwenye miaka 68, alikamatwa katika uwanja wa ndege wa Buenos Aires akiwa na begi lililofichwa ndani yake kilo mbili za kokeini. Alikuwa amekwenda Bolivia kukutana na mwanamitindo aliyeamini kwamba ndiye waliyekuwa wakiandikiana naye mtandaoni. Hakumkuta, alikabidhiwa begi na kuambiwa ni la bibie huyo. Mahakama ya Argentina ilimhukumu kifungo cha miaka minne na miezi minane. Mtu aliyebobea katika fizikia ya chembe ndogo kabisa za maada hakukosa akili ya kufikiri. Alichokosa ni mtu wa karibu wa kumuuliza swali moja kabla hajapanda ndege.

Utapeli huu una hatua zake, na karibu kila mara hufuatana kwa mpangilio uleule. Huanza kwa ombi la urafiki au ujumbe unaojifanya umekosea njia: “Habari, hii ni namba ya Dkt. Grace?” Baada ya siku mbili tatu tapeli hushauri mazungumzo yahamie WhatsApp au Telegram, kwa kuwa huko hakuna msimamizi wa tovuti ya wachumba anayeweza kuifunga akaunti yake. Kazi anayojipa huchaguliwa kwa hesabu. Ni askari wa Marekani aliye vitani, mhandisi wa mtambo wa mafuta baharini, daktari wa Umoja wa Mataifa, nahodha wa meli ya mizigo. Kazi hizo zote zina heshima, zina kipato kizuri, na zinaeleza mapema kwa nini hawezi kuonana na mtu, kwa nini mtandao wake unakatika kila anapoombwa kupiga simu ya video, na kwa nini baadaye atashindwa kuzifikia fedha zake mwenyewe.

Kinachofuata ni uangalizi wa kila siku, na hapa ndipo ustadi wao ulipo. Ujumbe wa alfajiri hauzungumzii mapenzi makubwa. Husema: “Malkia wangu, umeamkaje? Jana ulilalamika mguu, umepungua? Usisahau dawa ya presha kabla ya chai.” Mchana huulizwa amekula nini. Usiku husaliwa sala fupi. Mama ambaye mwanawe humpigia Jumapili kwa Jumapili sasa anaulizwa habari za mguu wake mara tatu kwa siku, na anayeuliza anakumbuka jibu la jana. Anakumbuka kwa sababu ameliandika. Miongoni mwa matapeli wa Nigeria, maarufu kwa jina la Yahoo Boys, huuzwa na kuazimana maandishi tayari ya kunakili, moja la askari, jingine la mhandisi, jingine la mjane tajiri, na mlengwa huitwa “mteja”. Mteja mmoja anaweza kuhudumiwa na watu kadhaa wanaopokezana zamu.

Ombi la kwanza huwa dogo. Ni vocha, au kadi ya zawadi ya mtoto anayetimiza miaka 12. Kiasi hicho hakina maana kwa tapeli; anachopima ni kama mkono unafunguka. Ukifunguka, msiba unazuka: ajali ya mtambo, upasuaji, kukamatwa kimakosa, akaunti iliyofungwa. Katika taarifa zilizofika FTC mwaka 2022, uongo uliotajwa zaidi ulikuwa wa ugonjwa, kuumia au kufungwa jela, ukifuatiwa na ahadi ya kumfundisha mtu kuwekeza, kisingizio cha kuwa jeshini mbali, na mzigo muhimu unaohitaji msaada ili ufike.

Mahakama moja ya Marekani inahifadhi kisa kinachoonyesha mwendo huo kwa ukaribu. Agosti 2019 waendesha mashtaka wa Los Angeles waliweka wazi hati yenye mashtaka 252 dhidi ya watu 80, wengi wao raia wa Nigeria. Ndani yake mna mwanamke wa Japani aliyekutana na “kapteni wa jeshi la Marekani aliyeko Syria” katika tovuti ya marafiki wa kuandikiana. Kiingereza hakukijua vizuri, hivyo kila barua aliipitisha kwenye mashine ya kutafsiri. Kapteni alimwambia ameokota mfuko wa almasi na anahitaji msaada kuutoa nchini. Wakajitokeza watu wengine: mwakilishi wa Msalaba Mwekundu, wakala wa usafirishaji, kila mmoja akiwa na ada yake. Kwa muda wa miezi 10 mwanamke huyo alifanya malipo kati ya 35 na 40, na kuna siku alizopokea hadi barua pepe 15 zikimwelekeza wapi pa kutuma. Alikopa kwa dada yake, kwa rafiki zake, hata kwa mume waliyeachana. Alipoteza dola 200,000. Kapteni hakuwapo, na almasi hazikuwapo.

Afrika Mashariki sura inayojulikana zaidi ya mchezo huu ni ya mzigo uliokwama. Mchumba anasema ametuma sanduku lenye simu, vito na bahasha ya dola. Siku chache baadaye anapiga mtu wa “kampuni ya usafirishaji”: sanduku limefika Nairobi au Dar es Salaam, lakini forodha wanadai ushuru. Ukilipwa, mashine ya ukaguzi “imeona noti”, na sasa kinahitajika cheti cha kuthibitisha kwamba fedha si haramu. Cheti kikilipiwa, kuna faini ya kuchelewa. Njia ya kuubaini uongo huu haihitaji utaalamu wowote. Tanzania malipo ya Serikali hufanywa kwa kontroo namba inayotolewa na mfumo wa Serikali. Kenya kodi na ushuru hulipwa kwa namba maalumu ya malipo inayotolewa na mamlaka yenyewe. Hakuna ushuru wa forodha unaotumwa kwenye laini ya simu ya mtu binafsi, hata mtu huyo ajiite ofisa wa ngazi gani.

Hadithi ya askari nayo huanguka kirahisi kwa anayejua utaratibu. Askari wa Marekani halipii likizo yake, na mchumba wake hawezi kumwombea. Chakula, matibabu na usafiri wa kumtoa kituoni ni juu ya jeshi. Jeshi hilo limerudia onyo hili kwa miaka mingi, kwa kuwa picha za askari halisi, baadhi yao maofisa wa ngazi za juu, huibwa na kutumiwa katika mamia ya akaunti za uongo.

Katika miaka ya karibuni umeongezeka mtindo ambao mchumba haombi fedha kabisa. Anaonyesha tu jinsi yeye na “mjomba” wake wanavyopata faida kwa sarafu za kidijitali, kisha anamfundisha mzee kufungua akaunti katika programu inayofanana na ya benki. Dola 500 zinakuwa 800 kwenye skrini, na akitaka kutoa 100 anaruhusiwa; ndiyo chambo. Akiba yote ikishaingia, akaunti inadai “kodi” kabla ya kutoa chochote. Programu nzima ni ya matapeli, na namba zinazopanda ni za kuchorwa.

Sehemu kubwa ya utapeli huu wa uwekezaji huendeshwa kutoka kwenye majengo yenye kuta na walinzi huko Kusini Mashariki mwa Asia. Ripoti ya Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ya Agosti 2023 ilikadiria kwamba watu wasiopungua 120,000 nchini Myanmar na 100,000 hivi nchini Kambodia huenda walikuwa wakilazimishwa kutapeli mtandaoni. Waliahidiwa kazi za kompyuta au huduma kwa wateja nchini Thailand, wakanyang'anywa pasipoti na kuvushwa mpaka. Februari 2025, watu wapatao 260 waliotolewa katika majengo ya namna hiyo karibu na mji wa Myawaddy walikabidhiwa kwa Thailand. Zaidi ya nusu walikuwa Waethiopia, na Wakenya nao walikuwamo. Basi anayemwandikia bibi wa Ohio maneno matamu usiku kucha anaweza kuwa kijana wa Nairobi anayepigwa asipofikisha kiwango cha siku. Hilo halimpunguzii bibi hasara, lakini linaonyesha kwamba anapambana na kiwanda, si na mtu mmoja mjanja.

Zamani familia ziliambiwa zidai simu ya video, na tapeli angeumbuka. Ushauri huo umepungua nguvu. Oktoba 2024 polisi wa Hong Kong waliwakamata watu 27 waliokuwa wakifanya kazi katika jengo la viwanda eneo la Hung Hom, wakitumia akili mnemba kubadili sura na sauti zao wakati wa simu za video; wanaume wa nchi kadhaa za Asia walikuwa wamepoteza takriban dola milioni 46. Ufaransa, Januari 2025, televisheni ya TF1 ilisimulia mwanamke wa miaka 53 aliyetoa euro 830,000 kwa mtu aliyejifanya mwigizaji Brad Pitt, pamoja na picha za kutengenezwa zikimwonyesha “mwigizaji” akiwa kitandani hospitalini. Watu walimcheka mtandaoni kwa ukali kiasi kwamba kituo kiliondoa kipindi hicho. Kicheko cha namna hiyo kina madhara ya moja kwa moja: kila aliyekisikia naye yuko katika hali kama ile amejifunza kunyamaza.

Hasara haiishii kwenye fedha. Mzee aliyekwisha kukaushwa hutumiwa kupitisha fedha za walengwa wengine katika akaunti yake, na kwa kufanya hivyo anaingia katika utakatishaji wa fedha bila kujua. Wengine hubebeshwa mizigo. Mwaka 2016 maofisa wa idara ya uhamiaji na forodha ya Marekani waliieleza kamati ya Seneti inayoshughulikia wazee kwamba wao na wenzao wa nchi nyingine walikuwa wamewazuia wabebaji 144 waliodanganywa kusafirisha dawa za kulevya. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 59, na mkubwa kuliko wote alikuwa na miaka 87.

Watafiti wameeleza kwa nini maonyo ya kawaida hayafui dafu kwa mtu aliyekwisha kunaswa. Monica Whitty, mwanasaikolojia aliyewahoji waathirika wengi, ameonyesha kwamba mlengwa hufikia hali ya mcheza kamari aliyekaribia kushinda: ndege ilikuwa ipae kesho, almasi zilikuwa zishatoka, bado ada moja tu. Kuacha sasa ni kukubali kwamba zote za nyuma zimepotea. Elisabeth Carter, mtaalamu wa Uingereza anayechunguza lugha ya utapeli, ameulinganisha na unyanyasaji wa ndani ya ndoa: tapeli humtenga mlengwa na ndugu zake taratibu, humfanya ajione mwenye hatia anapouliza, na humfunza siri. Kabla wanawe hawajajua lolote, mama amekwisha kuambiwa: “Watoto wako wataona wivu. Wanafikiria urithi tu. Haya ni yetu sisi wawili.”

Kwa hiyo binti anayeingia sebuleni na kufoka, “Mama, yaani unatuma hela kwa mtu hata hujawahi kumwona? Umerogwa?” anatimiza alichotabiri tapeli, tena neno kwa neno. Kesho yake mama atatafuta wakala wa mtaa mwingine. Kumnyang'anya simu ni vibaya zaidi: hukata mawasiliano na ndugu pia, humdhalilisha mtu mzima mwenye haki na mali yake, na simu nyingine haikosi kupatikana. Kinachosaidia ni kukaa upande wake. “Mama, hebu nionyeshe picha zake. Mlianza vipi kuzungumza? Yeye hukuuliza nini?” Mama akisimulia mwenyewe kuanzia mwanzo, mara nyingi nyufa za hadithi huanza kumwonekea kabla hazijatajwa na mtu. Anayesikiliza ajitahidi asishangae sana.

Baada ya hapo vipo vipimo vya kufanya pamoja. Picha ya mchumba ikiwekwa kwenye utafutaji wa picha wa Google, huenda ikatokea chini ya majina mengine manne. Sentensi zake za mahaba zikinakiliwa na kutafutwa mtandaoni, zinaweza kukutwa neno kwa neno mahali pengine. Katika simu ya video anaweza kuombwa apitishe kiganja mbele ya uso au ageuke ubavu kabisa, mambo ambayo sura za bandia huyafanya kwa shida, ingawa mwaka hadi mwaka shida hiyo inapungua. Kipimo ambacho teknolojia haiwezi kukishinda ni cha fedha: mzee aseme kwa upole kwamba hana, wala hatakuwa nazo, kisha asubiri. Mwenye mapenzi ya kweli ataendelea na maongezi. Tapeli huanza kwa kulia, hufuatia kununa, kisha vitisho, na mara nyingine kutishia kusambaza picha za faragha alizowahi kutumiwa.

Kinga bora huwekwa mapema, kabla hajatokea mchumba yeyote. Orodha ya marafiki kwenye Facebook inaweza kufichwa na ujumbe wa wageni kuzuiwa. WhatsApp iwekewe namba ya siri ya hatua ya pili. Muhimu kuliko hayo ni makubaliano ya familia: kiasi fulani kikivukwa, fedha hazitoki mpaka usiku mmoja upite na mtu mmoja aliyechaguliwa na mzee mwenyewe awe ameambiwa. Mtu huyo si lazima awe mtoto. Anaweza kuwa mdogo wake, shekhe, mchungaji au jirani wa miaka mingi, alimradi hana njaa na mali hiyo. Kwenye benki, akaunti ya akiba inaweza kuwekewa sahihi mbili. Marekani kampuni za uwekezaji humwomba mteja ataje mtu wa kuaminika wa kupigiwa simu kukiwa na shaka, na tangu Februari 2018 kanuni namba 2165 ya FINRA, chombo kinachozisimamia, huziruhusu kusimamisha malipo ya mteja mwenye miaka 65 na zaidi kwa siku 15 za kazi, muda unaoweza kuongezwa, zikihisi anaibiwa. Siku 15 ni nyingi sana kwa tapeli ambaye silaha yake ni haraka.

Uingereza iliweka ulinzi wake kwenye kaunta. Chini ya mpango ulioanza London mwaka 2016 na kuenea kwa polisi wa nchi nzima kufikia 2018, karani akiona mteja mzee anatoa fedha nyingi kinyume na kawaida yake humuuliza maswali, na akibaki na shaka huwaita polisi palepale tawini. Tangu tarehe 7 Oktoba 2024 benki za huko zinatakiwa pia kumrudishia mteja fedha alizolaghaiwa kuzituma ndani ya nchi, hadi pauni 85,000, na gharama hiyo hugawanywa nusu kwa nusu kati ya benki iliyotuma na iliyopokea. Kanuni hiyo ya pili ina akili nyingi kuliko inavyoonekana. Benki inayolipa kutoka mfukoni mwake hujifunza haraka kuzitambua akaunti za matapeli. Ila fedha zikishavuka mpaka, kanuni haizifikii.

Australia Magharibi walijaribu njia nyingine tangu 2013. Polisi na idara ya kulinda walaji walichunguza fedha zinazotumwa Afrika Magharibi kutoka kwa watu wasio na ndugu wala biashara huko, kisha wakawaandikia barua: huenda unatapeliwa, tafadhali acha kutuma, piga namba hii. Barua haikumlaumu mtu wala haikupitia kwa watoto wake. Wengi waliacha. Katika nchi ambazo fedha nyingi hupita kwenye simu, nafasi ya karani wa benki anayo wakala. Yeye ndiye anayemwona mzee akituma kiasi kikubwa mara ya tatu ndani ya wiki kwenda namba ileile, na anaweza kuuliza, “Mama, huyu unayemtumia mnafahamiana?” Kampuni za simu zingepata faida kubwa kwa kuwafunza mawakala swali hilo moja kuliko kwa meseji za tahadhari ambazo kila mtu huzifuta bila kusoma.

Fedha zikishatoka, saa za kwanza ndizo zenye matumaini. Benki au kampuni ya simu ipigiwe mara moja, muamala uzuiwe ikiwa bado haujatolewa. Kenya, muamala wa M-Pesa hupelekwa kwenye 456 kuombewa kurudishwa, na utapeli huripotiwa Safaricom kwa namba 333. Tanzania, namba ya tapeli na ujumbe wake hutumwa kwa mamlaka ya mawasiliano, TCRA, kupitia 15040. Mtu akipiga *106# pia ataona ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake, jambo lenye maana kwa mzee aliyewahi kumtumia “mchumba” picha ya kitambulisho cha taifa. Kesi hufunguliwa polisi, chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kwa Tanzania na ile ya 2018 kwa Kenya. Mazungumzo yasifutwe kwa hasira wala kwa aibu. Picha za skrini, namba, majina ya waliopokea na tarehe ndizo ushahidi, na mara nyingi jina la aliyesajili laini ya kupokelea ndio unyayo pekee uliopo. Kumjulisha tapeli kwamba ameshtukiwa hakuna faida. Humpa nafasi ya kuhamisha fedha.

Mwathirika wakati huo ana misiba miwili. Amepoteza akiba, na amefiwa na mtu ambaye hakuwahi kuwapo, hivyo hakuna anayekuja kumpa pole. Wapo wanaorudi kumwandikia tapeli hata baada ya kuujua ukweli, kwa kuwa saa za alfajiri zimekuwa tupu. Marekani chama cha watu wenye miaka 50 na zaidi, AARP, kina simu ya msaada na vikao vya bure ambavyo waliotapeliwa hukutana na wenzao. Pasipo huduma ya namna hiyo, kazi inabaki kwa ndugu: kupiga simu mara nyingi kuliko zamani, kumtembelea, na kutoitaja hela ile kila panapotokea ugomvi wa nyumbani. Dalili za kukata tamaa ya maisha zichukuliwe kwa uzito na mzee afikishwe kwa daktari.

Inabaki hatari moja ambayo huwakuta wengi wakiwa wamejiamini. Majina ya waliokwisha kutapeliwa huuzwa kwa matapeli wengine. Baada ya muda huja simu ya “wakili”, “mpelelezi wa Interpol” au “mtaalamu wa kufuatilia bitikoini” akisema fedha zimepatikana, na kinachotakiwa ni ada ya kuzifungua. Anajua kiasi kilichopotea mpaka senti ya mwisho, na ujuzi huo ndio unaomfanya aaminike, ilhali ameupata kwa wezi wenyewe. Interpol haimpigii raia simu kuomba malipo, na polisi hawatozi ada ya kurejesha mali iliyoibwa. Simu kama hiyo ikija, namba iliyopigwa nayo ipelekwe kwa ofisa aliyepokea kesi ya kwanza, na mzee apewe laini mpya ambayo namba yake inajulikana na ndugu na watu wa karibu tu.